Wadau wa Kwale, Tudai Picha ya Chini ya Ardhi Yetu

Leo siongei bei za viwanja Diani. Leo twashuka chini, yani chini kabisa, kilomita 40.

Maoni yangu: serikali ilipie mstari mmoja wa kupima ardhi kwa mwangwi, kutoka ufuo wa Galu mpaka Taita, na majibu yawe ya umma.

Kwa nini Taita? Ukitoka kwenye jiwe letu la matumbawe, ukapanda Shimba Hills, ukapita Kinango mpaka Kuranze na Kasighau, kila hatua mawe yanazidi uzee. Kule mwisho ni Ukanda wa Msumbiji, mabaki ya milima iliyoinuka miaka milioni 600 hivi iliyopita, mabara yalipogongana. Mvua na upepo vimeila ile milima, mizizi ikabaki. Mawe mengi unayoyakanyaga Taita yalipikwa makumi ya kilomita chini.

Mizizi hiyo hatuwezi kuiona, lakini twaweza kuisikiliza. Unatetemesha ardhi kwa baruti ama lori maalum, unapanga vipokezi kwenye mstari mrefu. Mtetemo ukifika mahali mwamba unabadilika, sehemu yake inarudi juu. Kwenye mwamba mgumu unakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde, so mwangwi wa sekunde 13 umetoka karibu kilomita 39. Hesabu ya shule ya msingi hiyo.

Marekani walifanya hivi kwenye milima ya zamani ya Appalachia miaka ya 1970, chini ya mradi wa COCORP. Wakakuta miamba ya juu imesukumwa kando zaidi ya kilomita 200, ikalalia tabaka zingine. Historia ya milima ile ikabidi iandikwe upya.

Kenya nasi tulipimwa. Mradi wa KRISP ulikuja 1985, 1990 na 1994, ukakuta ganda la dunia chini ya Chyulu lina unene wa kama kilomita 44. Kazi safi. Ila shabaha yao ilikuwa Bonde la Ufa, na walitegemea zaidi mawimbi yanayopinda na kusafiri mbali. Hayo yanakupa unene vizuri. Mikunjo ya ndani huioni sawasawa.

Sasa angalia huku kwetu. Base Titanium imechimba mpaka mwisho wa 2024. Baharini, BG ilichimba Sunbird-1 mwaka 2014 na kugusa mafuta, baada ya meli kupima kwa mwangwi huu huu. Ufundi tunaujua basi, lakini huja na mnunuzi. Na mwenye picha ndiye anayetaja bei.

Mtaniambia Kinango watu wanalia maji, baruti za nini? Haki yenu. Na sitawadanganya: mstari huu hautaonyesha kito kilipo wala pa kuchimba kisima. Lakini vijana wetu wakipanga vile vipokezi na kufundishwa kusoma majibu, kampuni ijayo itakuta barazani mtu wa kuuliza, "Mwangwi huu umetoka kina gani, na nyinyi mmeusomaje?"

Mimi chuo niliacha, ila swali hilo naweza kuliuliza. Wazee wetu walikaa barazani miaka yote hiyo bila mtu wa kuwafundisha kuliuliza. Ukimpata mbunge wako, anza naye.