SIHA NYUMBANI: Siku Saba za Kusafisha Mwili

Katika miaka hii ya karibuni limezuka neno katika nyumba zetu za Kinondoni na Temeke, nalo ni "kusafisha mwili". Ukipita Mwananyamala, ukipita Tandika, ukishuka Mbagala, utalisikia dukani, ndani ya daladala na katika simu za vijana. Walisemao hudai kwamba mwili wa mtu wa leo umejaa sumu kwa sababu ya vyakula alavyo, na kwamba hauna budi kuoshwa kwa siku 7, au 10, au 21, kwa kunywa maji ya matunda na majani na kuacha wali, ugali, nyama na chai ya maziwa. Twaona yafaa kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna haki na mna batili, na vyote viwili vimetiwa katika mfuko mmoja na kuuzwa kwa bei moja.

Tutatoa mfano wa bwana mmoja na bibi yake, wakazi wa Temeke, waliotupa idhini ya kuyaeleza yaliyowapata maadam majina yao hayatajwi. Bwana ni fundi cherehani, mtu wa makamo, na kwa miaka 6 ana maradhi ya sukari, humeza vidonge asubuhi na jioni. Bibi huuza maandazi na vitumbua barazani pake, na baada ya uzazi wa nne mwili wake umekuwa mzito hata akipanda ngazi hutweta. Binti yao ndiye aliyewaletea habari. Aliwaonyesha katika simu picha za watu walivyokuwa kabla na walivyokuwa baada ya siku saba. Wakakubaliana kufanya pamoja, mume na mke, ili mmoja asimtamanishe mwenziwe. Nia hiyo ni njema. Katika nyumba nyingi mke huachiwa peke yake adhabu ya kupunguza mwili, na mume huku akiendelea kudai chapati.

Walinunua mfuko wa unga wa majani na pakiti za chai kwa fedha ambazo zingewalisha wao na watoto wao kwa wiki mbili. Utaratibu ulikuwa huu: alfajiri maji vuguvugu yenye ndimu na tangawizi, saa nne juisi ya mchicha na tango, adhuhuri juisi tena, baada ya magharibi supu ya mboga isiyo na chumvi wala mafuta, na kabla ya kulala kikombe cha ile chai. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili vichwa viliwauma, na bibi, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza tangu saa kumi za usiku, alisema kwamba hakupata kujua kuwa iliki ina harufu kali namna ile. Usiku wakapokezana mlango wa choo.

Na hapa tuseme neno juu ya ile chai. Tuliletewa pakiti yake tukaisoma, na miongoni mwa majani yaliyotajwa ni sanamaki. Bibi zetu wa pwani waliijua sanamaki vema. Walimpa mtu aliyefunga choo, kwa kipimo, mara moja, kisha wakaweka kando. Hawakuiita dawa ya sumu. Aendeshaye tumbo kwa sanamaki hutoa maji, chumvi za mwili na mabaki ya chakula, naye akiinuka chooni amejihisi mwepesi hudhani ametakasika. Akiendelea siku nyingi mfululizo, maji na chumvi hizo hupungua hadi mwili ukalegea na moyo ukaweza kwenda mrama.

Siku ya tatu, kabla ya sala ya alfajiri, bwana aliinuka ili atawadhe. Jasho jingi likamtoka, mikono ikatetemeka, akaegemea ukuta akateremka hadi sakafuni. "Mama watoto," akasema, "naona giza." Maneno yaliyofuata hayakueleweka. Bibi hakungoja, alichota sukari ya maandazi, akaikoroga katika maji, akahakikisha kwamba aweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kitambo cha robo saa fahamu zikamrudia. Kulipokucha wakaenda hospitali.

Daktari aliwaeleza kwamba vidonge vya aina ile hulilazimisha kongosho kutoa insulini, nayo huishusha sukari ya damu, mtu awe amekula au hakula. Bwana alimeza vidonge vyake kwa uaminifu kama siku zote, lakini chakula cha kukutana navyo hakikuwamo. Maji ya mchicha na tango yana nini cha kumshikiza? Sukari ikashuka chini ya kiasi ambacho ubongo huweza kukivumilia. Lau bibi angekuwa bado usingizini, jambo lingekuwa jingine.

Kisha daktari akamwuliza: "Mzee wangu, ukikaribia mwezi wa Ramadhani hufanyaje?" Akajibu: "Huja kliniki kabla mwezi haujaandama, nikaangaliwa kama naweza kufunga, nikapangiwa dawa upya." "Na mfungo huu ulimwuliza nani?" Bwana akanyamaza.

Swali hilo lastahili kukaa katika kila nyumba yenye mgonjwa. Funga ya Ramadhani ni faradhi, na juu ya hivyo Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa na msafiri ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, na wanazuoni wakamwangalia pia mwenye mimba na anyonyeshaye. Aliyewauzia mfuko ule hakumwuliza bwana kama ana maradhi, wala hakumwuliza bibi kama ananyonyesha. Katika sharia yake yeye hapakuwa na mwenye udhuru.

Sasa turudi kwenye hiyo sumu. Mwulize mwenye kuuza: sumu gani, jina lake nani, imekaa katika kiungo kipi? Aghalabu hatakujibu. Mwili wa mtu mzima haukuumbwa bila ya wasafishaji wake. Mafigo mawili huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, yaani madumu tisa ya lita 20, yakarudisha karibu yote katika damu na kutoa lita moja au mbili za mkojo wenye taka. Ini nalo hupokea damu itokayo matumboni, likavunja yaliyo mabaya na kuyageuza yaweze kutoka. Kazi hiyo haingoji wiki maalumu. Inaendelea hivi sasa unaposoma ukurasa huu. Na ini na mafigo yakishindwa kweli, mtu hulazwa, naye hatibiwi kwa tango.

Wala wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko London alikuwako mpasuaji mashuhuri, Sir William Arbuthnot Lane, aliyeamini kwamba taka za matumboni huutia mwili sumu, akawa anawakata watu utumbo mpana ili kuwaokoa. Elimu iliyofuata ikaliacha wazo hilo, lakini wafanyabiashara hawakuliacha. Sisi nasi tulikwisha onja namna yake mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa Sh. 500. Wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kutumaini kikombe kile.

Bibi aliendelea peke yake hadi siku ya saba, akapungua kilo 3. Alifurahi, na ilimpasa. Lakini baada ya siku kumi kilo 2 zilikuwa zimerudi, naye akajilaumu kuwa hana subira. Hakuwa na kosa. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kiasi cha nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama 3 za maji. Mtu asipokula, akiba huliwa kwanza na maji yake hutoka. Akila tena, vyote hurejea. Mafuta ya mwili hayaondoki kwa haraka hiyo.

Basi je, hapana la kufaa? Lipo, na ni kubwa. Katika uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012, mtu mzima 1 katika kila 4 alionekana kuwa na shinikizo la damu, na karibu 1 katika kila 11 alikuwa na sukari. Profesa Mohamed Janabi, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, aliyekabidhiwa Muhimbili mwaka 2022 na kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, amewaasa Watanzania kwa miaka mingi kupunguza kula na kupunguza sukari, hata wengine wakamfanyia mzaha. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Nani angevitia tisa katika kikombe chake mwenyewe akavinywa bila ya haya? Matembele, kisamvu, kunde, dagaa na samaki wa Feri havihitaji mfuko wenye picha, na mboga ikiliwa nzima humpa mtu makapi yake, ambayo juisi iliyochujwa humnyang'anya.

Kuna na sumu ya kweli, ambayo wauzaji hawaitaji. Ni sumukuvu, itokanayo na ukungu wa mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Mwaka 2016 iliwaua kiasi cha watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo hulishambulia ini lenyewe. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, wala chai haiitoi. Mama anunuaye mahindi ya dona achague yaliyo makavu, ayatupe yaliyovunda au kubadilika rangi, wala asiyape kuku.

Nyumba ile ya Temeke sasa hunywa chai isiyo na sukari, isipokuwa watoto siku ya Ijumaa. Chakula cha jioni huliwa mapema, na bwana na bibi hutembea hadi msikitini na kurudi kwa njia ndefu. Vidonge vya bwana vimebadilishwa. Lililobaki kati yao ni dona: bibi ameishikilia, na bwana asema kwamba alioa mpishi wa sembe, naye hakumbuki kutia saini mabadiliko.