Wafadhili Walipie Paa, Wimbo Uwe wa Goma

Mwaka 2000 mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, mzaliwa wa Goma, alianzisha kituo cha sanaa cha Yolé!Africa akiwa Kampala, mbali na vita vilivyokuwa vikiitikisa Kivu, mashariki ya Kongo. Baadaye kituo hicho kilirudi nyumbani. Vijana wa Goma wamejifunza pale kushika kamera, kuhariri picha, kucheza na kurekodi muziki, na tamasha la filamu lililozaliwa humo, Salaam Kivu, likawapa ukumbi wa kuonyesha walichokifanya. Haya yametokea katika mji uliopitiwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, ukatishwa tena na mlima huohuo Mei 2021, na ukatekwa na waasi wa M23 mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025.

Katika mji wa namna hii, nani alipie nyumba ya sanaa? Na anayelipa apewe nini?

Wapo wanaoona swali lenyewe halina nafasi. Mji ulipotekwa mwaka 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na wakimbizi waliokuwa kambini pembezoni mwa mji wakatawanyika. Mama anayetafuta unga na maji, wanasema, umwambie nini kuhusu darasa la uchoraji? Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Lakini inadhani kwamba sanaa ni kitu ambacho watu wa Goma wangeletewa, ilhali wanayo na wanaigharimia siku zote. Nenda parokia yoyote au kanisa lolote la Kiprotestanti, Katindo au Ndosho, jioni ya mazoezi. Kwaya ndiyo shule kubwa kuliko zote za muziki katika mji huu. Humo mtoto hufundishwa kushika sauti yake bila kumezwa na ya jirani, kijana huketi kwenye kinanda kwa mara ya kwanza, na sare na vipaza sauti hununuliwa kwa michango ya waimbaji wenyewe. Watu hao si matajiri, na hawakungoja vita viishe.

Kwa hiyo utayari upo. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtu asiye wa kanisa lile, Mwislamu wa Birere au mkimbizi aliyefika juzi kutoka Masisi, anaweza kuingia na kujifunza pia. Paa la namna hiyo ni ghali. Hapo ndipo fedha za nje zinapoingia, na matatizo yanapoanza.

Goma ni mji wa mashirika ya misaada kwa kiasi ambacho miji michache ya Afrika imepata kuona. Mwaka 2016 Chérie Rivers Ndaliko, msomi aliyefanya kazi na Yolé!Africa, alichapisha kitabu Necessary Noise, kinachochunguza jinsi fedha za hisani zinavyouelekeza muziki na filamu za mashariki ya Kongo. Shutuma yake ni nzito, na ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Shirika huja na ujumbe tayari: amani, chanjo, kunawa mikono, kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Msanii hutakiwa kuutia ujumbe huo mdundo. Mradi ukiisha, nembo hubaki kwenye bango na msanii hurudi alipokuwa.

Sitaki kuwalaumu wasanii wanaochukua kazi hizo. Julai 2019 Ebola ilipoingia Goma, wimbo wa kuwaeleza watu jinsi ya kujikinga ulikuwa na kazi ya kweli, na malipo yake yalilisha familia. Shida huanza pale wimbo wa kuagizwa unapokuwa ndiyo kazi pekee yenye malipo. Kijana hujifunza mapema kwamba machungu ya mji wake ndiyo bidhaa inayonunuliwa, hivyo huyaandika tena na tena, hata siku ambayo angependa kuimba juu ya mapenzi, juu ya ziwa, au juu ya chukudu, baiskeli ya mbao, iliyobeba magunia ya viazi kuteremka kutoka Kibumba. Sanaa inayoruhusiwa kusema jambo moja tu huwachosha watu, nao huacha kuisikiliza hata inaposema kweli.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo inahusu umri. Fomu za miradi hupenda vijana. Mtoto wa miaka 8 hana mahali humo, wala bibi wa miaka 65. Lakini bibi huyo, aliyekimbia kijijini bila kubeba chochote, huenda ndiye pekee katika kartie nzima anayejua kusuka aina fulani ya kikapu au kuimba nyimbo za kumbembeleza mtoto za kwao. Kituo kinachofunguliwa kwa rika zote humpa nafasi ya kuwa mwalimu, na katika mji wenye waliong'olewa wengi hivi, kuheshimiwa kwa kile unachokijua ni jambo kubwa. Madarasa yakichanganya umri, mtoto hapati sanaa tu. Hupata mzee wa kumsikiliza.

Zanzibar ina somo la kutufaa. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoasisiwa 2001, kilifundisha taarab na ngoma katika jengo la forodha ya zamani Mji Mkongwe, mabingwa wazee wakiwapokeza vijana. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka na ada ya wanafunzi haikutosha hata kidogo. Chuo chenye sifa duniani kiliyumba kwa sababu kiliegemea mkono mmoja. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1972 na kuwalea wachoraji na mafundi wengi, nayo haipo tena pale ilipokuwa. Kiwanja cha katikati ya mji hutamaniwa na wengi. Goma, ambako parseli hupanda bei hata mji ukiwa vitani, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Msimamo wangu ni huu. Mfadhili alipie vile visivyoimba: kiwanja chenye hati kwa jina la kituo, paa, umeme wa jua, vyombo, na mshahara wa walimu kwa miaka, sio miezi 6. Ada iwepo, hata faranga chache, na asiyeweza alipe kwa kazi au kwa kufundisha anachokijua, kama kwaya zinavyofanya. Mfadhili akitaka wimbo wa chanjo, auagize kando kwa mkataba wake na bei yake, nao usigeuzwe kuwa mtaala wa shule. Ripoti anayodai iseme ni akina nani wamejifunza nini, wa umri gani, na iishie hapo.

Wakuu wa mashirika mlioko Himbi, na ninyi Wagoma mnaoishi Brussels na Montréal mnaotuma dola nyumbani kila mwezi: mkiombwa kuchangia kituo cha sanaa, ulizeni kwanza hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Kisha changeni, na msiombe kuchagua wimbo.