Ugomvi wa kiti cha spika unaihusu Marabo

Tarehe 22 Septemba 2025, Vital Kamerhe alisimama mbele ya wabunge mjini Kinshasa akatangaza kwamba anaacha uspika, kabla kura ya kumng'oa haijapigwa. Waliomfikisha hapo hawakuwa wapinzani. Petisheni dhidi yake ilikuwa na saini zaidi ya 260, nyingi zikiwa za watu wa Union Sacrée, muungano unaotawala, uleule uliomkalisha kitini mwaka uliotangulia. Aliyeibeba petisheni hiyo ni Crispin Mbindule, mbunge wa Butembo. Walilalamika kwamba fedha za Bunge zinasimamiwa gizani na kwamba wabunge wanazuiwa kuwahoji mawaziri.

Kutoka Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, ni rahisi kuyaona hayo kuwa ni mambo ya wakubwa wa mbali. Sivyo hata kidogo. Tangu tarehe 6 Mei 2021, jimbo letu la Ituri liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Gavana ni jenerali, Bunge la jimbo limesimamishwa, na teritori ya Irumu, ilimo Marabo, inaendeshwa na wakuu waliovaa sare. Kwa mujibu wa katiba, hali hiyo hurefushwa kwa siku 15 tu kila mara, kwa idhini ya Bunge la taifa na Seneti. Kwa hiyo mama anayepakia makemba kwenye pikipiki kuyapeleka Bunia, anayelipa bariere baada ya bariere, na anayeahirisha safari akisikia risasi zimelia mbele, amebakiwa na sehemu moja tu ya kufikisha kilio chake kupitia watu aliowachagua. Spika na ofisi yake ndio wenye sauti kubwa katika kupanga kipi kijadiliwe huko na kipi kisubiri.

Watu wa chama kimoja kutofautiana juu ya nani aongoze Bunge si aibu. Aibu iko katika kile wanachogombania.

Mwaka 2009 kulikuwa na hoja ya kweli. Januari ya mwaka huo majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu Kaskazini kwa makubaliano na serikali, katika operesheni Umoja Wetu. Kamerhe huyuhuyu, wakati ule akiwa spika na kigogo wa PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila, alisema kupitia Radio Okapi kwamba hakuwa amearifiwa. Je, jeshi la jirani linaweza kuingia nchini bila wawakilishi wa wananchi kujua? Badala ya kuliweka swali hilo mezani, chama kilimbana mpaka akajiuzulu mwezi Machi, na Évariste Boshab akashika nafasi yake. Mwaka 2010 Kamerhe aliunda chama chake, UNC, na katika uchaguzi wa rais wa 2011 akamkabili Kabila, akatoka wa tatu. Novemba 2021, jeshi la Uganda lilipovuka mpaka kuwasaka waasi wa ADF huko Beni na Irumu, swali la 2009 lilikuwa bado linasubiri jibu.

Majirani hao wa Uganda nao wana kisa chao. Mei 2021, uongozi wa chama tawala, NRM, ulimtaka Jacob Oulanyah awe spika. Rebecca Kadaga, aliyekuwa na kiti hicho kwa miaka kumi, akakataa kumpisha. Kura zikapigwa: Oulanyah 310, Kadaga 197. Shughuli ikaisha siku hiyohiyo.

Kinshasa ilikaribia njia hiyo tarehe 23 Aprili 2024. Union Sacrée iliwaita wabunge wake wachague mgombea mmoja kati ya watatu. Kamerhe alipata kura 183, Christophe Mboso 113, Modeste Bahati Lukwebo 69. Namba zilitangazwa, kila mtu akazisikia. Huo ndio ushindani unaostahili heshima. Lakini kilichozunguka kura ile kilikuwa mvutano mrefu wa nani apate nini: ofisi ya Bunge ilikamilika tarehe 22 Mei, na serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa ikaidhinishwa Juni. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 20 Desemba 2023. Karibu miezi sita ilikwenda, na muda wote huo watu wa Irumu walikuwa wakizika wafu wao.

Petisheni ya 2025 ikairudisha nchi palepale, tena katika kikao cha Septemba, ambacho kazi yake kuu ni bajeti. Kama Kamerhe alizuia mawaziri wasihojiwe, hilo lilikuwa kosa zito, na wabunge walikuwa na wajibu wa kulianika hadharani kwa majina na tarehe. Aimé Boji alichukua kiti hicho Novemba, na ni haki kumpima kwa kipimo hicho hicho.

Uchaguzi wa 2028 hauko mbali, na vigogo wa muungano wameanza kupimana nguvu. Wabunge wa Ituri waje Marabo kabla ya hapo, wakae na watu sokoni, waseme walitia saini petisheni au hawakutia, na kwa sababu gani. Na kila atakayeomba kura zao za uspika wamdai ahadi ya maandishi: mjadala wa wazi, wenye ripoti na takwimu, juu ya nini utawala wa kijeshi umeleta Ituri tangu 2021, kabla ya kuidhinisha siku nyingine 15.