Kupanga bidhaa dukani ni ajira, vijana wafundishwe

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nauheshimu usemi huo, lakini kwa biashara ya sasa ya nyanya, mchele na asali, naona unatulaza usingizi. Bidhaa nzuri iliyofichwa nyuma ya katoni za sabuni haijiuzi. Itaozea hapo hapo, huku mteja akinunua ya jirani iliyo mbele ya macho yake.

Leo nataka tuzungumzie kazi ya kupanga bidhaa ili zionekane, zivutie na zisiharibike. Wengi wetu tunaichukulia kuwa si kazi. Kijana akiajiriwa dukani huambiwa tu, "Panga hivyo vitu," kana kwamba alizaliwa anajua. Tangazo la kazi linapotoka likitaka mtu mwenye uzoefu, kijana hana alikoupata, na mwenye duka naye analalamika kuwa hapati watu.

Mimi nililijua hili kwa kuumbuka. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, niliomba kujitolea wakati wa likizo katika duka moja la kujihudumia jijini Dar es Salaam. Nikapewa sehemu ya mboga na matunda. Siku ya kwanza nikapanga ndizi mbivu katikati ya mchicha na matango. Rangi zilipendeza kweli kweli. Muda si mrefu majani yakaanza kuwa ya njano, na matango yakapoteza ukijani wake.

Darasani nilikuwa nimefundishwa kwamba ndizi zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva na kuzeeka kwa mazao yaliyo karibu. Hata kwenye mtihani niliwahi kulijibu swali hilo! Aliyenifundisha kulitumia jibu ni mama mmoja mpanga rafu, aliyeishia darasa la saba.

Mama yule alikuwa na mambo mengine ambayo sikuyakuta kwenye vitabu vyangu. Mzigo mpya unaingia nyuma, wa zamani unasogezwa mbele ili utoke kwanza. Nyanya hazirundikwi kimo kirefu, maana za chini zinapondeka. Mafuta ya kula hayawekwi juani, na unga haukai jirani na sabuni kwa sababu hunasa harufu. Kinachotakiwa kutoka haraka kiwekwe usawa wa macho, na bei iandikwe, kwani wapo wateja wanaoona aibu kuuliza.

Kwa mfanyabiashara mdogo, haya si mapambo. Tuchukue mfano. Umenunua tenga la nyanya la kilo 40 kwa Sh 30,000, na unauza kilo moja Sh 1,000. Ukiuza zote unapata Sh 40,000, yaani faida ya Sh 10,000 kabla ya ushuru na usafiri. Sasa kilo sita zikipondeka kwa kupangwa vibaya, utauza kilo 34 tu na faida itabaki Sh 4,000. Kilo sita kati ya 40 zinaonekana chache, lakini zimekula zaidi ya nusu ya faida yako.

Swali ni je, kijana akajifunzie wapi? Kuna wakati tuliyategemea maduka makubwa ya kutoka nje. Lakini Shoprite iliuza maduka yake ya hapa nchini kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga ya kwake mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye. Fundisho lake ni kwamba hatuwezi kuegemeza ujuzi wa vijana wetu kwa kampuni inayoweza kufunga mlango na kuondoka. Duka la mtaani na meza ya sokoni bado vipo. Hivyo ndivyo vyuo vyetu.

Kwa hiyo nina rai kwa pande tatu. Kwanza wenye maduka: pokeeni kijana mmoja kwa miezi mitatu. Mpeni rafu moja iwe yake, apime mwenyewe kila jioni kimeuzwa nini na kimeharibika nini. Akimaliza, mpeni barua inayotaja alichokifanya. Na kujitolea kusigeuke utumwa. Kijana anayebeba mzigo wako tangu alfajiri anastahili angalau nauli na chakula, na akishaiva kwenye kazi alipwe mshahara.

Pili vijana: msingoje tangazo. Nendeni kwa mwenye duka, ombeni kupanga upya rafu moja iliyodorora kwa wiki mbili. Andikeni mauzo ya kabla na ya baada. Daftari hilo litawasemea mbele ya mwajiri kuliko maneno "najituma na ninajifunza haraka" yanayojaa kwenye barua za maombi.

Tatu wakulima: kikundi chenu kinachofungasha mchele, asali au unga kimtume kijana wake akae dukani mwezi mmoja. Atarudi anajua kwa nini mfuko usiosimama wenyewe huishia rafu ya chini, na kwa nini lebo inayofutika kwa jasho la mkono hurudishwa. Kikundi kitajua la kurekebisha kabla ya kuchapisha mifuko mingine.

Kesho asubuhi ukifungua duka, usikimbilie nyuma ya kaunta. Simama kwanza nje, mahali anaposimama mteja, uangalie. Usichokiona kutoka hapo, usitegemee kukiuza.