Usiku wa kusubiri ndege ni shule

Vijana wenzangu, wengi waliotoka hapa Nyarugusu kwenda Marekani au Canada walibadili ndege njiani, na wengine walilala Doha. Wakitupigia simu baadaye wanasema walikaa tu kwenye viti, mfuko wa IOM mapajani, wakiogopa hata kwenda chooni. Mimi naona usiku ule ni shule ya bure.

Kwanza, saa. Doha na Tanzania saa ni moja, ila ubao wa kule hauhesabu kama sisi. Ukiona 02:00 ni saa nane usiku, siyo saa mbili. Ukikosea hapo, ndege inawaacha. Pili, laleni kwa zamu. Mmoja ashike mfuko na kuangalia ubao, maana geti linaweza kubadilishwa. Tatu, vijana watembeze wazee, wazoee ngazi za umeme na vyoo vya kule kabla hawajafika ugenini.

Na nyie wafanyakazi wa mashirika, kwenye semina ya safari tengeni dakika kumi za kusoma saa ya tiketi. Hata mama ambaye hakwenda shule anaweza kukariri namba nne, na familia yake isibaki uwanjani.