Maneno Kwanza, Solfa Baadaye

Wanachuo wengi waendapo mazoezi ya kufundisha huanza somo la muziki kwa kuandika d, r, m, f, s, l, t ubaoni, kisha watoto hupanda na kushuka ngazi hiyo mpaka kengele ilie. Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia mwisho. Nadharia ya muziki yaeleza jambo ambalo mtoto wa Mbozi au Momba amekwisha kulifanya kwa kinywa na miguu kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Utunzi huanza na neno. Chukua neno barabara, ambalo hapana mtoto wa Tunduma asiyelijua, kwa kuwa barabara kuu iendayo Zambia yapita mjini mwake na malori hayaishi. Mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiwa katika silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Basi mwanachuo akitunga wimbo wa kuwafundisha watoto kuvuka salama, na pigo zito la ngoma likaangukia silabi ya pili, watoto wataimba neno jingine. Somo la mapigo liko hapo. Watoto waseme mstari, wapige makofi penye mkazo, ndipo mwalimu awaulize: sauti ipande wapi, itue wapi? Wakishapata lahani yao, herufi za solfa zitatumika kuihifadhi.

Mpakani pana mfano usio na gharama. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo ambao lahani yake leo ni ya wimbo wa taifa letu na wa Zambia pia. Mtoto wa Tunduma huuimba kwa Kiswahili. Mwenzake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huuimba kwa Kiingereza, na maneno yenyewe ni mengine kabisa. (Ya Kixhosa ndiyo yaliyotangulia.) Darasa la tano laweza kulinganisha: wapi silabi moja imevutwa juu ya noti mbili, wapi noti imegawanywa ibebe silabi zaidi.

Atakayeuliza habari ya kinanda akumbuke kwamba Sontonga aliandika kwa solfa, mtindo uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 ili watu wasio na ala waimbe kwa kusoma. Mimi nadai dakika 20 tu za mwalimu kunyamaza, watoto wakitafuta noti ya mwisho.