Kuta Tumekwisha Zijenga, Paa Liko Wapi?

Kijijini kwetu yako majengo mawili ya shule katika uwanja mmoja. La kwanza ni lile la zamani, lililojengwa na wazee wetu kwa matofali mabichi na udongo, katika ile miaka ya bidii iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, Taifa lilipoamua kwamba kila mtoto lazima asome. La pili ni boma la vyumba vitatu lililofika usawa wa renta, halina paa, halina milango. Katika jengo la kwanza watoto wetu husoma jicho moja likiwa ubaoni na jingine kwenye dari. Katika la pili wanafunzi ni mbuzi.

Ndugu wananchi, habari ya boma hili siyo ya kijiji kimoja. Pita wilaya nyingi za nchi hii utaona kuta kama hizi zikisimama katika majani. Kwa hiyo tunaandika kwa niaba ya wazazi wote waliotoa jasho lao na mpaka leo wanangoja.

Mambo yalianza hivi. Jengo la zamani lilipopata ufa unaopitisha mkono, na mchwa walipokwisha kula kenchi, tuliambiwa na mafundi wenyewe kwamba kulikarabati ni kutupa fedha. Dawa ni kujenga jipya. Wazazi tulikwenda kwa viongozi. Tukajibiwa, "Anzeni ninyi. Mkifika renta, Halmashauri itamalizia." Hatukubishana. Tulifyatua matofali tukayachoma. Akina mama walibeba maji kichwani kutoka mtoni. Asiye na fedha alitoa siku zake, na aliyekuwa na mkokoteni akausomba mchanga. Tulifika renta. Hiyo ni masika ya tatu sasa. Kila tukienda kuuliza, jibu ni lile lile: bajeti haikuruhusu, subirini mwaka ujao.

Basi tuseme wazi. Hatuombi sadaka. Tunadai upande wa pili wa ahadi.

Wako wanaosema, "Wananchi wa leo wamekuwa wavivu, wanataka Serikali iwafanyie kila kitu." Maneno hayo hayana haki. Watu wa nchi hii hawakuanza jana kujenga shule. Mwaka 1955, chini ya utawala wa kikoloni, wazazi walianzisha chama chao cha TAPA, wakafungua shule kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu serikali ya wakati ule haikuwa yao na watoto wao haikuwahesabu. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa kiasi cha 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, walikwisha fika 825,000. Kazi hiyo haikufanywa na Serikali peke yake, wala haikufanywa na wananchi peke yao. Mmoja alishika huku na mwenzake akashika kule, na mzigo ukainuka.

Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea. Kujitegemea hakuna maana ya mwananchi kuachiwa mzigo wote na mwenye kalamu akae kivulini. Wakati wa mkoloni mzazi alijenga kwa kuwa hakuwa na serikali. Leo anayo, anailipia kodi, anaipigia kura. Ikimwacha na kuta tupu, je, tofauti aione wapi?

Tunajua watoto ni wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wamekuja shuleni, nalo ni jambo la kujivunia. Lakini kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja katika shule ya msingi. Kwetu chumba kimoja hupokea darasa moja asubuhi na jingine mchana, na mvua ikitanda mwalimu huwatoa wote nje, maana afadhali kulowa kuliko kuangukiwa na ukuta.

Ati fedha hazipo. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili madhara ya Uviko-19, na katika fedha hizo yalijengwa madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache tu, kila moja likitengewa shilingi milioni 20. Tuliona kwa macho yetu kwamba nia ikiwapo, saruji hupatikana na mafundi hupatikana. Lakini kati ya hayo, 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Baadaye ukaja mradi wa BOOST kwa ajili ya shule za msingi. Tunashukuru kwa yote. Hata hivyo shule kuukuu kama yetu haiwezi kukaa ikingoja mkopo wa nje kila inapopata ufa. Halmashauri ina mapato yake ya ndani: ushuru wa mazao tunayolima sisi, ushuru wa soko tunalouzia sisi. Katika mapato hayo imeagizwa kutenga fungu la maendeleo, na kwa halmashauri nyingi fungu hilo halipaswi kupungua shilingi 40 katika kila shilingi 100. Tunauliza kwa adabu: zile 40 za mwaka jana zilikwenda wapi? Bei ya gari moja kubwa la ofisi ingeezeka vyumba vingapi?

Tena, boma lisiloezekwa ni hasara mara mbili. Mvua hula kuta, na hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili ni kubwa zaidi, nayo haionekani kwa macho: mvua hula moyo wa kujitolea. Kesho kiongozi akipiga ngoma ya kujenga zahanati, nani atabeba jiwe? Atajibiwa, "Kwanza tuonyeshe paa la shule." Mtu akidanganywa jasho lake, kumrudisha kazini ni shida.

Lakini nasi wazazi tujisute. Wangapi kati yetu huhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu? Wengi hunung'unika kilabuni na kunyamaza mkutanoni. Bajeti haipikwi Julai, mwezi ambao mwaka wa fedha huanza. Wakati huo chakula kimekwisha pakuliwa. Yatupasa kuanza mapema, kabla mwaka haujaisha. Kamati ya Shule iandike barua yenye hesabu ya mabati, mbao na misumari. Mkutano wa kijiji uipitishe na kuiandika katika mihutasari. Diwani aichukue katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha aisimamie katika Baraza. Nasi tufunge safari tukakae katika viti vya wasikilizaji, maana Baraza la Madiwani ni mkutano wa wazi, tumsikie kwa masikio yetu akisema au akisinzia.

Kwa Bwana Mkurugenzi na Waheshimiwa Madiwani tuna neno moja. Msianzishe boma jipya hata moja kabla ya kuezeka yale yaliyokwisha simama. Kila mwaka bandikeni ubaoni orodha ya maboma yote ya wilaya, lipi litamalizwa na lini, ili aliye nyuma ajue zamu yake na asiseme amependelewa mwingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa ulitushinda, na ukuta tumekwisha ujenga. Kilichobaki ni paa, na masika hayangoji bajeti.